Ukuta wa Silinda ya Nne

Watu walimwita Nywele, na wageni waliolisikia jina hilo kabla ya kumwona walishangaa wakikutana na mtu mwenye upara unaong'aa kama sahani iliyooshwa. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na kila mteja aliyemharakisha alijibiwa vilevile: "Bado unywele mmoja." Maana yake kipande kimebakiza upana wa unywele tu ili kikae mahali pake, naye hatakitoa mkononi mpaka unywele huo uondoke. Wenye haraka walikwenda kwingine. Wengi wao walirudi, vipande vikiwa vimeharibika.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya nyumba. Chumba cha nyuma cha nyumba hiyo mkewe alikifanya mahali pa kushonea nguo za watu, na dirisha lake lilitazamana na mlango wa karakana. Huku cherehani ikitatarika, kule mashine ikinguruma, na katikati mume na mke wakizungumza kwa kupigiana kelele.

"Baba watoto, chai!"

"Unywele mmoja!"

"Basi itapoa pamoja na hizo nywele zako!"

Waliishi hivyo miaka mingi. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu kila mwisho wa juma kuuliza hali. Hapakuwa na jambo kubwa la kumsimulia, na wote watatu waliona hiyo ni neema.

Giza lilipoanza halikuja kwa mbele. Lilimnyemelea Nywele kutoka pembeni, kama mgeni asiyebisha hodi. Kwanza alianza kujigonga bega kwenye mwimo wa mlango, akamlaumu seremala aliyeutengeneza mlango huo kabla binti yao hajazaliwa. Kisha akawa anapiga kumbo vikombe vilivyowekwa kushoto kwake. Mteja akisimama upande huo bila kusema neno, Nywele aliendelea na kazi kana kwamba yuko peke yake, na watu wakasema uzee umemtia kiburi. Alikwenda kliniki ya macho mara moja, bila kumwambia mtu. Daktari, mwanamke mdogo kwa umri kuliko binti yake, alimwambia ni presha ya macho. Alimpa dawa ya matone, akamweleza kwa utaratibu kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, ila dawa itakilinda kilichobaki, na kwamba lazima aitumie maisha yake yote na arudi kupimwa.

Nywele alilisikia neno moja tu: hakirudi. Dawa ilimwasha, macho hayakuona zaidi, akaiweka nyuma ya kabati na kuiacha huko. Binti alipouliza kwenye simu kama baba amewahi kupima macho, maana mama amesema anajigonga sana, alijibu kwa sauti ya furaha, "Nimepima, mama. Wamesema nina macho ya tai."

Lakini kazi ya kukereza haidanganyiki. Vipimo vyake vina mistari midogo kama miguu ya sisimizi, na mistari hiyo ikaanza kushikamana. Hapo ndipo akaanza kumwita mkewe.

"Mama watoto, hebu njoo unisomee hii saa. Miwani yangu ina mafuta."

"Saa" ilikuwa kile kipimo cha mviringo chenye mshale, kinachoteremshwa ndani ya silinda ili kiseme upana wake. Mkewe alikuja na futi ya kitambaa shingoni, pini midomoni, akainama na kusoma. "Mshale umepita sifuri, mistari miwili." Nywele akaitikia, akarekebisha kisu cha mashine, akaendelea. Kesho yake tena miwani ilikuwa na mafuta. Na kesho kutwa. Mkewe hakuwahi kusema, "Nipe niifute."

Mambo yalikuwa hivyo Rubani alipoleta bloku, yaani kile kiwiliwili cha injini chenye matundu ya silinda.

Rubani alikuwa mstaafu wa ndege za abiria, mtu mrefu mwembamba, mjane, mteja wa Nywele tangu wote wawili wakiwa na nywele. Ujanani alinunua gari dogo la mbio la viti viwili, la chini sana, lenye pua ndefu, ambalo kiwanda chake kilishafungwa zamani. Watoto wake walitembezwa ndani ya gari hilo, na mkewe alipelekwa hospitali safari ya mwisho ndani ya gari hilo. Lilisimama gereji miaka mingi chini ya turubai. Sasa alitaka kuliingiza katika mashindano ya magari ya kale ya kupanda mlima, walau mara moja kabla hajafa.

"Nimeshaliona lile gari jekundu la yule mpuuzi wangu wa zamani," alisema huku wakiiteremsha bloku kwa mnyororo hadi juu ya meza ya chuma. "Tulirusha ndege pamoja. Anajitapa kila mahali. Nataka nimpite kwenye kona ya mwisho, halafu moyo huu mbovu uniue nikicheka."

"Usife kwanza," Nywele alisema. "Utanipotezea mteja."

Rubani alifungua sanduku la mbao. Ndani, kila moja kwenye karatasi yake, zilikuwamo pistoni nne mpya. Zilikuwa kubwa kuliko za asili kwa milimita tatu. Ili ziingie, silinda zote nne zilipaswa kupanuliwa: kisu kizunguke ndani ya kila tundu, kikwangue chuma kidogo kidogo, mpaka pistoni kubwa ipate nafasi yake. Silinda ikiwa kubwa, moto unaoungua ndani yake ni mkubwa zaidi, na gari linapata nguvu.

Nywele alipitisha kiganja juu ya bloku. Ilikuwa chuma cha kusubu, kizito, baridi, chenye rangi ya majivu. "Milimita tatu ni nyingi, bwana. Nyuma ya ukuta huu kuna njia za maji. Na waliosubu chuma hiki hawakuweza kuona ndani yake. Kalibu ya kumiminia chuma ikisogea kidogo tu, ukuta unakuwa mnene huku na mwembamba kule. Kwa nje hujui."

"Ndiyo maana sikumpelekea mtu mwingine," Rubani alisema. "Nimetafuta bloku nyingine ya gari hili kwa kila mtu ninayemjua duniani. Haipo. Iliyopo ni hii."

Nywele angeweza kusema hapo hapo. Lakini angesema nini? Fundi mwingine mwenye mashine kama ile alikuwa mmoja tu, na huyo waliachana kwa ugomvi. Tena mtu asiyekereza ni nani? Ni mzee anayekaa kwenye kiti barazani, watu wakipita wanamuuliza kwa sauti kubwa kama amekula. Akasema, "Iache. Nitakupigia."

Kabla ya kukata chuma cha namna hiyo, Nywele alikuwa na desturi yake. Alichukua waya uliopindwa, akauingiza kwenye matundu ya maji juu ya bloku, akamulika kwa tochi na kuutambaza waya nyuma ya kila ukuta kuona unene wake. Silinda ya kwanza alijiridhisha. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne, ile ya mwisho karibu na nyuma, tundu lake la maji lilikuwa limezibwa na kutu iliyogandamana. Alichokonoa kidogo. Alimulika, akaona ukungu wa kijivu tu. Alisogeza kichwa huku na huku akitafuta ule upenyo mdogo wa katikati ambako macho yake bado yalifanya kazi, asione kitu. Waya ulikwama.

Palihitajika kuzibua tundu lote, kuosha, kumulika upya na kuona. Kuona ndiko kulikomshinda. Akajiambia kuta tatu ni nzima, ya nne itakuwa na wazimu gani? Akauweka waya chini.

Silinda tatu zilikwenda kama maji mtoni. Kisu kilishuka kikizunguka, unga mweusi wa chuma ukamwagika chini, mashine ikaimba kwa sauti moja nene. Mkewe alikuja kila alipoitwa, akasoma saa, akarudi kwenye nguo zake. Mara moja alisimama akatazama kuta mpya zilivyokuwa zinameta, akasema, "Kumbe kazi yako na yangu ni moja. Unaongeza kiuno tu."

"Tofauti ni kwamba wewe ukikosea unafumua," Nywele alisema.

Silinda ya nne ilikubali mkato wa kwanza, ikakubali wa pili. Katika mkato wa mwisho, kisu kikiwa kimefika katikati ya kina, sauti ilibadilika. Ile sauti nene ilipanda ikawa nyembamba, kama mtu anayepiga mluzi kwa meno. Kisha ikaanza kukatika: tik, tik, tik, mara moja kila mzunguko.

Alizima mashine kabla akili haijamwambia ni nini. Alikinyanyua kisu, akavua glavu, akaingiza mkono ndani ya silinda, akautambaza ukuta kwa ncha ya kidole. Ulikuwa laini, laini, laini. Halafu kidole kikazama. Tundu lilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kingo zake kali kama wembe, na nyuma yake kulikuwa na ubaridi wa njia ya maji.

Akautoa mkono.

"Mbona umezima?" mkewe aliuliza kwa sauti kutoka dirishani.

"Mkanda umelegea. Malizia tu nguo za watu."

Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa mashine, juu ya ule unga mweusi. Kutoka pale chini aliiona bloku kwa kipande kidogo tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Bloku ilikuwa moja duniani, kama alivyoambiwa. Na haikuwa bahati mbaya. Hilo ndilo lililomkaba. Angekuwa ameona na bado ukuta ukatoboka, angesema ni chuma cha zamani, na angelala usingizi. Lakini alijua kwamba hakuona, na kwamba alikata.

Siku zilizofuata alifanya mambo ambayo fundi hafanyi. Alinunua gundi ya chuma, ile inayochanganywa ikawa ngumu kama jiwe, akaziba tundu, akasugua mpaka kidole kikateleza juu yake. Akajaza njia za maji. Tone moja likajitokeza ukutani, likaning'inia, likaanguka. Akakwangua, akaziba upya, akangoja ikauke vizuri zaidi. Tone likarudi. Tena alijua hata lisingerudi, gundi ile isingestahimili moto wa injini, ingebanduka mlimani siku ya mashindano, maji yakaingia kwenye silinda, na injini yote ikavunjika na mzee wa watu ndani. Alilijua hilo na bado aliziba mara ya tatu.

Rubani alipiga simu. "Mzee mwenzangu, vipi? Nije?"

"Bado unywele mmoja," Nywele alisema. Ilikuwa mara ya kwanza maisha yake yote kuyatumia maneno yale kwa uongo.

Mkewe aliandaa, yeye akapekua sahani kama kuku asiye na njaa, akarudi karakana. Hakumwita tena kusoma saa. Alijifungia ndani mashine ikiwa kimya, na ukimya wa karakana mchana kweupe ulimtisha mkewe kuliko kelele yoyote.

Ndipo wazo likaja, na lilipokuja lilikaa. Bloku ilikuwa mezani, bado imefungwa mnyororo wa kunyanyulia. Kama ingenyanyuliwa juu, na mnyororo ukateleza, ingeanguka kwenye saruji na kupasuka vipande. Chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika. Hakuna ambaye angelitafuta tundu la ukubwa wa ukucha kwenye bloku iliyovunjika vipandevipande. Watu wangesema mnyororo ulikuwa mzee. Rubani angelia, lakini angemlilia pamoja na Nywele, kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja. Macho hayangetajwa.

Alivuta mnyororo. Bloku ikapanda polepole, ikining'inia na kuzunguka kidogo. Ilipopita usawa wa kifua chake aliufungua mwisho wa mnyororo kwenye ndoano, akabaki ameushika kwa mikono miwili, uzito wote ukiwa mikononi mwake. Kilichobaki ilikuwa kuachia.

"Unafanya nini?"

Mkewe alikuwa amesimama kushoto kwake, karibu kabisa, yeye asimwone. Hakujua amesimama pale tangu lini.

"Nimesema unafanya nini, baba watoto?"

Mkewe aliushika mnyororo juu ya mikono yake, na kwa pamoja waliishusha bloku hadi mezani, wakihema kama watu waliokimbizwa. Kisha mkewe aliingiza mkono kwenye silinda ya mwisho, akapapasa, akaufikia ule ugumu wa gundi, akautoa mkono.

"Hapa umetoboa."

"Nimetoboa."

"Kwa sababu huoni."

Nywele aliegemea ukuta. "Ulijua lini?"

"Nilijua siku uliponipita sokoni. Nilikuwa pembeni yako na kikapu, nikakungoja unipokee. Ukanipita kama unavyopita nguzo." Sauti yake ilianza kupanda. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Ukiwaficha watu sawa, lakini mimi? Mimi ninayelala upande wako wa kushoto? Dawa yako nimeiona nyuma ya kabati, imejaa mpaka shingoni!"

"Kama ulijua, mbona ulinyamaza?"

Mkewe alivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. "Kwa sababu uliniita," alisema mwishoni. "Miaka yote hii sikuwahi kuitwa ndani ya chumba hiki isipokuwa kuleta chai. Ukaanza kuniita nikusomee. Nikapenda. Nikasema moyoni, akisema mwenyewe nitampeleka hospitali, asiposema, basi mimi nitakuwa macho yake. Nikajiona na mimi fundi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Tumelitoboa sote hili."

Walikaa kwenye benchi la karakana. Mtu alikuja kuchukua suruali yake, akapiga hodi, hakuitikiwa, akaenda zake.

Kwa Rubani walikwenda wote wawili, mkewe akimshika kiwiko, jambo ambalo Nywele hakuwahi kulikubali hadharani. Rubani alikuwa gereji, amelala chini ya gari lake lisilo na injini, akifuta kutu. Alitoka akitabasamu, mikono imejaa grisi. Nywele alisema yote akiwa amesimama: tundu, gundi, waya, macho. Alisema pia kuhusu mnyororo, ingawa mkewe alimfinya.

Rubani hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mimi walininyang'anya leseni kwa sababu ya moyo," alisema. "Unajua walijuaje? Nilikwenda mwenyewe. Nilisikia kitu kifuani, nikaenda mwenyewe nikapimwe, na nilijua nikitoka mle ndani sirushi tena. Nililia kama mtoto kwenye maegesho ya magari. Lakini nilikwenda. Kwa sababu nyuma yangu kuna watu wamekaa." Aliitazama pua ya gari lake. "Ungenirudishia injini iliyozibwa kwa gundi?"

"Niliziba mara tatu," Nywele alisema. "Sijui kama ningekupa. Kusema kweli sijui."

"Nendeni," Rubani alisema.

Mkewe alijaribu. "Shemeji, tafadhali..."

"Shemeji yangu, nendeni tu."

Walipofika nyumbani Nywele aliingia karakana, akavaa koti lake la kazi, na mkewe akadhani ameamua kulazimisha mambo tena. Lakini alitoka nje akasema, "Nipeleke kwa Shoto."

Shoto ndiye yule fundi mwingine. Aliitwa hivyo kwa kutumia mkono wa kushoto. Alijifunza kazi kwa Nywele akiwa kijana, akakaa naye hadi akawa mtu mzima, kisha akafungua karakana yake. Nywele akamtangazia mtaa mzima kwamba amemwibia wateja. Haikuwa kweli. Wateja walimfuata kwa sababu alikuwa mzuri na hakuwachelewesha. Hawakuwahi kusalimiana tangu hapo, na Shoto naye sasa alikuwa na upara wake.

Karakana ya Shoto ilikuwa na taa nyeupe kali na wafanyakazi wenye sare. Nywele alisimama mlangoni kwa sababu hakujua vifaa vimewekwa wapi sakafuni, na aliogopa kujikwaa mbele ya watu. Shoto alimwona, akazima mashine.

"Mzee."

"Kijana," Nywele alisema. "Nimetoboa ukuta."

Alieleza. Shoto alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, zaidi ya ilivyohitajika. Aliuliza maswali ya kazi tu: tundu liko kina gani, chuma kilichobaki pembeni ni kiasi gani, silinda tatu zimefika kipimo gani. Nywele akajibu yote bila kubabaika.

"Nitakuja kuiona," Shoto alisema. "Lakini tukubaliane, mzee. Nikikubali kuishika, wewe huigusi. Hata kwa kidole. Na hukai nyuma yangu kuniambia unywele mmoja."

Wafanyakazi wawili walicheka, wakaacha walipoona uso wa bosi wao. Nywele alihisi masikio yakimwaka. Mbele ya mkewe, mbele ya watu wenye sare, aliambiwa asiguse bloku na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika msasa. Akaitikia kwa kichwa.

Shoto alikaa na bloku kwa muda mrefu. Aliizibua kutu yote, akaingiza waya, akamulika, akatikisa kichwa. Ukuta wa silinda ya nne ulikuwa mwembamba kama ganda la yai upande mmoja. Kalibu ilisogea siku bloku iliposubiwa kiwandani, miaka mingi iliyopita. "Hata ungekuwa na macho yangu, milimita tatu zisingekubali hapa," alisema.

"Ningekuwa na macho yako nisingekata," Nywele alisema.

Tiba ilikuwa moja: kuweka slivu, yaani bomba jembamba la chuma linaloshindiliwa ndani ya silinda likawa ukuta mpya. Na ili zote zilingane, slivu ziwekwe nne, na upana urudi ule ule wa zamani. Pistoni kubwa zisingetumika. Nguvu aliyoitafuta Rubani isingekuwepo. Shoto alimpigia simu mwenyewe kumwomba ruhusa. Rubani aliuliza jambo moja tu: nani atakayeshika mashine. Akaambiwa. "Basi fanya," akasema.

Kazi ilifanyika kwenye mashine ya Nywele, kwa kuwa bloku ilikuwa pale na hakuna aliyetaka kuisafirisha tena. Bloku ilipashwa moto hadi chuma kikatanuka, slivu zikalazwa kwenye barafu zikasinyaa, kisha zikateremshwa haraka kabla vyuma havijapatana joto. Mkewe alisoma saa. Shoto ndiye aliyemwomba, akisema mfanyakazi wake anasoma vibaya. Nywele alikaa kwenye kiti nje ya mlango. Alisikiliza. Mara moja sauti ya kisu ilimfanya ainuke, akasimama na mkono kwenye mwimo, akitaka kusema legeza kidogo. Kabla hajafungua mdomo sauti ililegea yenyewe. Akakaa tena. Alifunika uso kwa mikono, na waliokuwa ndani walijifanya hawakuona.

Bloku ilipojazwa maji haikutoa tone.

Nywele alikwenda kliniki wiki hiyo, mkewe akikaa naye mbele ya daktari kusikiliza kila neno. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, wala si pembeni tu. Kwa miezi mingi lilikuwa mzigo usoni, na la kulia ndilo lililokuwa likifanya kazi ya mawili bila yeye kujua. Dawa ingelinda kipande kile cha katikati, huenda kwa miaka mingi, huenda isilinde. Mkewe aliuliza kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari alisita, akasema asingependa kulijibu swali hilo. Nywele akasema, "Umeshajibu, mwanangu."

Siku ya mashindano hawakwenda. Habari zilifika mtaani kwamba gari la Rubani lilipanda mlima hadi juu bila kuzimika, likiwa la nne kutoka mwisho, na lile gari jekundu lilimpita tangu kona ya kwanza. Shoto, aliyekuwepo, alisema Rubani aliteremka garini, akaomba maji ya kunywa, hakusema kama amefurahi au la.

Karakana sasa ni ya Shoto kwa siku kadhaa za juma. Hupeleka pale kazi zinazozidi kwake. Siku nyingine karakana hukaa kimya, na siku hizo ni ngumu. Nywele huamka mapema kwa mazoea, akavaa, kisha akakumbuka. Kuna asubuhi mkewe humkuta amekaa kitandani na viatu vya kazi miguuni, na humwacha, kwa sababu ameshajaribu maneno yote na hakuna lililofaa. Matone humtia mkewe mwenyewe, asubuhi na jioni. Nywele hulaza kichwa nyuma, akalalamika kwamba yanawasha.

Mwezi uliopita gari dogo lenye pua ndefu lilipita barabara ya nyumba yao. Nywele alikuwa barazani. Aliisikia injini tangu mbali na akaijua: silinda nne, zote zikipiga sawa. Gari lilipunguza mwendo mbele ya nyumba, likasimama kidogo, halafu likaondoka.

Mkewe alitoka mbio, kitambaa mkononi. "Mbona hukumwitikia?"

"Kwani ameniita?"

"Alikupungia mkono, baba watoto! Alisimamisha kabisa, akakupungia. Ukamkazia uso kama sanamu!"

Gari lilikuwa limepita upande wa kushoto. Nywele aliinuka upesi, akashika nguzo ya baraza, akateremka ngazi akipapasa kwa miguu hadi ukingoni mwa barabara. Akainua mkono juu kabisa, akaupunga kuelekea kule sauti ilikokuwa ikififia, huku akiita.

"Amekata kona," mkewe alisema nyuma yake. "Hakuoni."

Aliendelea kupunga.